Breki Nilizofunga Katika Mji wa Wafalme

Vijana wa karakana mmeniandama niandike kabla viza yangu haijakatwa, nami nimekaa hapa chumbani Al Muraqqabat, Dubai, juu ya duka la vitambaa, nimebakiwa na wiki tatu. Wenzangu watano wa chumba wako kazini, kwa hiyo kuna utulivu wa kumtosha mtu kukumbuka. Msitarajie nieleze nilivyopanda cheo wala nilikuwa nikipata ngapi. Cheo changu kilikuwa kimoja, fundi, na nilichopata kimeshaliwa. Nitaandika kazi, na zaidi nitaandika lile jambo la Ujerumani ambalo kila mmoja wenu amelisikia kutoka kwa mtu ambaye hakuwepo.

Nilianza Satwa, kwenye karakana nyembamba nyuma ya mafundi cherehani, nikiwa kijana kutoka Malindi. Nyumbani nilijifunza kwenye kibanda cha mjomba wangu, na nilikuja na kiburi cha mtu aliyefungua baiskeli nzima akiwa hajaota jino la mwisho. Siku ya kwanza nilishtuka. Nilidhani Dubai ni mji wa magari, baiskeli nitaziona wapi, na asubuhi ile nikakuta kumi na nne zimeegemezwa ukutani zinangoja. Zote zilikuwa za wapeleka bidhaa wa baqala, ndiyo maduka ya mitaani ya huku, zile nyeusi nzito zinazobebeshwa mtungi wa gesi nyuma na katoni za maji mbele. Spoki zimekatika kwa uzito, na mnyororo umejaa mchanga mpaka ukiuzungusha unasikia mtu anasaga mahindi. Nilikunja mikono ya shati nikaanza, na sikuinua kichwa mpaka adhuhuri.

Aliyenifundisha ni Ustadi Koya, mtu wa Kerala, mfupi, mwenye subira ya kutisha. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno arobaini aliyoyaokota kwa wateja wa Mombasa, na yalimtosha. Wiki ya kwanza alinipa baiskeli ya mwalimu mmoja Mzungu nibadilishe waya za breki. Nikazifunga vizuri, nikaipanguza, nikamletea. Koya akainua gurudumu la mbele, akabana kikono cha kulia, gurudumu likasimama.

"Kulia, mbele?" akaniuliza.

"Ndiyo, Ustadi. Kulia mbele, kushoto nyuma."

"Kwa nani?"

"Kwa watu wote."

Alicheka mpaka akakaa juu ya debe la oili. Kisha akanieleza. Sisi tuliotawaliwa na Waingereza, kuanzia Mombasa mpaka Bombay, mkono wa kulia unasimamisha gurudumu la mbele. Wazungu wa bara, Wajerumani, Wafaransa na wenzao, ni kinyume, mbele iko mkono wa kushoto. Na Dubai wako wote. Breki ya nyuma unaweza kuibana kwa hasira na usidhurike, lakini ya mbele ukiibana ghafla kwenye mteremko, gurudumu linasimama na wewe unaendelea na safari yako hewani. Kwa hiyo karakana ya Koya ilikuwa na sheria moja. Kabla hujagusa waya, unamwuliza mwenye baiskeli mkono wake wa kulia unasimamisha gurudumu gani. Ukimaliza, unafunga uzi mwekundu kwenye kikono cha breki ya mbele, na mteja anaufungua mwenyewe baada ya kujaribu. Nilishtuka kama mtu aliyeambiwa kuna nchi ambako watu wanakula kwa sikio. Tangu siku hiyo sikuwahi kuacha kuuliza, wala sikukosa uzi mfukoni, na ninyi nyote nimewachosha kwa sheria hiyo.

Koya aliporudi kwao karakana ilifungwa, nikachukuliwa na arbab wetu, ndiye tajiri mwenye duka na viza zetu, kuja Al Barsha, dukani, karibu na lile jengo kubwa la maduka. Huko nikashtuka upya. Satwa baiskeli ilikuwa kitu cha mtu asiye na namna. Al Barsha nilikuta watu wenye magari matatu wanaamka alfajiri kutoka jasho juu ya baiskeli ambayo naiinua kwa vidole viwili, wamevaa nguo za kubana ambazo mama yangu angeziita za kulalia. Nikaletewa spana inayopima nguvu ya mkono, ikifika kipimo inalia tik. Mwaka mzima niliiacha kwenye sanduku lake. Nilisema mkono wangu unajua. Siku niliyovunja paipu ya kiti ya mteja kwa mkono unaojua, nikaitoa sandukuni bila kuambiwa na mtu.

Arbab mnamjua. Mama yake ni wa ukoo wa Unguja, na yeye amekulia na Kiswahili laini ambacho mimi mtu wa Malindi ninakionea wivu. Akikasirika sauti inashuka badala ya kupanda. Mwenye akili akiisikia imeshuka hutafuta kazi ya kufanya upande wa pili wa duka.

Na Prossy mnamjua pia, ila hamjui alivyoanza. Alikuwa askari wa mlangoni pale kwenye jengo la maduka, msichana wa Masaka, Uganda, anasimama saa kumi na mbili kwa siku. Siku moja ya mapumziko yake akaja dukani, akasimama kando mpaka wateja wakaisha.

"Mzee," akasema, "mtu wa miaka ishirini na nne anaweza kujifunza baiskeli, ama amechelewa?"

"Kwenu hukuendesha?"

"Jjajja, bibi yangu, alikataa. Alisema ya wanaume."

Nikamtolea baiskeli ya kujaribia, nikamshikia kiti kwenye kichochoro nyuma ya duka. Nilimshikia jioni tatu, na ya nne nikagundua nimeachwa nimesimama na mikono mitupu. Haikupita miaka miwili akawa anawapita wateja wote wa arbab na wengine wanajifanya wamesimama kunywa maji. Arbab akahamisha viza yake, akamfanya kiongozi wa misafara. Kumbukeni jambo moja: baiskeli zetu za kujaribia zote zilikuja kutoka Ulaya. Kushoto mbele, kulia nyuma. Mkono wa Prossy haukuwahi kujua kitu kingine.

Ikawa mwaka juzi arbab ameamua kuwapeleka wateja sita wakaendeshe Ujerumani, siku tano, na kumalizia Potsdam, mji wa wafalme wa zamani wa Prusia. Prossy awe mbele kuongoza, mimi nyuma kwenye gari la vifaa. Nilifunga baiskeli nane kwenye maboksi yake, nikafunga sanduku la spana, nikaaga chumba kizima kama mtu anayekwenda Hija. Sikuwahi kufikiri kwamba kazi ya kuziba pancha itanifikisha kwa wafalme.

Huo mji ulinishtua kuanzia barabara ya kwanza. Nilimwona bibi wa miaka themanini, mgongo umepinda, yuko juu ya baiskeli na kitunguu kimechomoza kikapuni. Nilimwona bwana wa tai na suti. Nilimwona mama amewapakia watoto wawili kwenye sanduku la mbele na anapiga kengele mimi nimpishe, kwa kuwa nilikuwa nimesimama kwenye njia ya baiskeli bila kujua kwamba kuna njia ya baiskeli. Huku kwetu baiskeli ina tabaka, ya mtu wa chini au ya mtu wa juu sana. Kule ilikuwa ya kila mtu, na hakuna aliyeigeukia kuitazama. Nilihisi kama mtu aliyefuga kuku maisha yake yote halafu akafika mahali kuku wanaruka.

Siku ya nne mchana tulikwenda kwenye kasri la mfalme wao mashuhuri. Lina rangi ya manjano, liko juu ya kilima, na chini yake kuna matuta ya mizabibu, na katikati ya mizabibu milango midogo ya vioo, na nyuma ya vioo miti ya tini inatunzwa isiumwe na baridi. Mlinzi wa bustani, mama mmoja mwenye koti la kijani, akatuambia tushuke tuzisukume baiskeli. Arbab akashuka. Wateja wetu, ambao hapa hawashuki hata taa ikiwa nyekundu, wakashuka mmoja mmoja. Mimi peke yangu nilikuwa tayari kwa miguu, nikawapita wote.

Juu kabisa, pembeni mwa kasri, mwenyeji aliyetutembeza akatuonyesha jiwe bapa kwenye majani. Akasema hapo ndipo alipozikwa mfalme mwenyewe. Nilitazama huku na huku nikitafuta kuba, nguzo, hata ua. Palikuwa na jiwe tu, limelazwa chini, na juu ya jiwe viazi. Viazi vibichi, vya kawaida, vyenye udongo, kama saba hivi.

"Watu huviweka kwa shukrani," yule mwenyeji akasema kwa Kiingereza. "Yeye ndiye aliyewahimiza wakulima kupanda viazi."

"Bambi, maskini," Prossy akaninong'oneza. "Si wangempikia basi."

"Na hayo mawe mengine?" nikauliza, kwa kuwa palikuwa na mistari ya mawe madogo pembeni.

"Mbwa wake. Aliacha wasia azikwe nao."

Nikasema astaghfirullah mara tatu, na nikamsikia arbab nyuma yangu anaisema pia. Mtu amejenga majumba ambayo hujui yanaishia wapi, ameamrisha majeshi, halafu anaomba alazwe chini ya jiwe lisilo na kitu, pamoja na mbwa. Arbab alisimama pale muda mrefu kuliko wote. Mimi kichwa changu kilibaki pale kwenye viazi. Kuishi kwingi kuona mengi, lakini mengine mtu yafaa ayaone kidogo kidogo.

Tuliporudi hotelini nikakagua baiskeli, kama kawaida. Kwenye fremu ya Prossy nikapapasa kwa kucha nikahisi ufa, mwembamba kama unywele, chini ya rangi. Ilikuwa imegongwa ndani ya ndege na siku zote hizo ilikuwa inafunguka polepole. Nikaifunga kamba, nikaandika kwenye karatasi isipandwe. Palikuwa na karakana mitaa miwili kutoka hotelini, karibu na nyumba za matofali mekundu, nikaenda na Prossy kutafuta ya kuazima kwa siku ya mwisho.

Mwenye karakana alikuwa mzee anaitwa Jochen, ana aproni ya ngozi na masharubu yenye grisi. Ukuta wake ulinishtua. Kila kifaa kimetundikwa, na nyuma ya kila kifaa amechora umbo lake kwa rangi, ili kikiondoka kivuli kibaki kinakidai. Alikuwa na baiskeli moja ya kimo cha Prossy, ya zamani, madhubuti, ila waya za breki zimeota kutu. Prossy akaipenda, akarudi hotelini kulala, kwa kuwa siku ya mwisho ndiyo ilikuwa na vilima. Jochen akataka kubadilisha waya mwenyewe. Mimi nikasema hapana, huyu ni mpanda wangu, baiskeli yake inafungwa na mimi. Akanipa waya mpya, akanipisha mezani.

Hapo sasa. Nilifanya kazi na mdomo ukifanya kazi yake. Nilikuwa namsimulia Jochen, kwa Kiingereza changu cha kuunga, nilivyoyaona yale ya juu kilimani, mfalme, viazi, mbwa, na yeye anacheka mpaka masharubu yanatikisika. Ananiambia wanafunzi wake wa zamani walikuwa wakimwekea yeye viazi mezani siku ya kuzaliwa kwake. Nami nacheka. Mikono yangu ikawa imerudi Malindi kwa mjomba, bila kuniaga. Kulia mbele, kushoto nyuma. Sikuuliza, kwa kuwa wa kuulizwa alikuwa amelala. Sikufunga uzi. Nilibana vikono, magurudumu yakasimama sawasawa, nikapigapiga kiti kwa kuridhika. Mazoea yana taabu, na taabu yake ni kwamba hayapigi hodi.

Asubuhi ikanyesha mvua nyembamba. Msafara ulipanda kilima kimoja nje kidogo ya mji, wakatazama maziwa na mapaa ya makasri, wakaanza kushuka kwa barabara ya mawe yaliyopangwa, yale mawe ya mviringo ambayo yakilowa yanateleza. Prossy mbele, wengine nyuma yake, mimi na dereva kwenye gari nyuma ya wote. Katikati ya mteremko bibi mmoja akatoka getini kwake akisukuma baiskeli yake. Nilimwona Prossy anainua kichwa. Kisha nikaona gurudumu lake la nyuma linanyanyuka, juu, juu zaidi, naye anapita juu ya usukani na kuangukia bega na mdomo.

Niliruka kutoka kwenye gari likiwa bado linakwenda. Prossy alikuwa amekaa, nyasi za ukingoni zimemshika, damu mdomoni, mkono mmoja umelegea. Macho yake yalikuwa wazi na alikuwa ananitazama. Arbab akatupa baiskeli yake, akavua koti akamfunika. Mimi nilimwita jina mara mbili, akaitikia. Halafu, Mungu anisamehe, nikaigeukia baiskeli. Niliinua usukani, nikabana kikono cha kulia, gurudumu la mbele likasimama. Nikakaa chini kwenye mawe, na watu wakadhani ni huruma.

Hospitali walisema mfupa wa bega umevunjika na meno mawili hayapo. Walisema utaunga, lakini itachukua miezi, na kama utarudi na nguvu zake zote hawakutaka kuahidi. Viza ya Prossy ilikuwa ya kiongozi wa misafara. Kiongozi asiyeweza kushika usukani anaongoza nini? Nilikuwa nalijua hilo kuliko daktari.

Mchana arbab akaenda kwa Jochen na ile baiskeli, nami nyuma yake. Sauti ya arbab ilikuwa imeshuka kabisa. Alisema wametupa baiskeli mbovu, msichana wa watu karibu afe, atatafuta wakili, na mji mzima utajua karakana hii ni ya namna gani. Jochen aliinua gurudumu la mbele. Akabana kikono cha kushoto, gurudumu likaendelea kuzunguka. Akabana cha kulia, likasimama. Akainua macho akanitazama mimi, si kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia arbab.

"Baiskeli ni yangu," akasema kwa Kiingereza cha polepole. "Imetoka kwenye duka langu. Jukumu ni langu."

Katika yote yaliyonishtua kule, wafalme na mbwa wao wakiwemo, hakuna lililonipiga kama hilo. Nimefanya kazi Dubai miaka thelathini na moja na najua kosa linavyokwenda. Linashuka. Linatoka kwa mkubwa linashuka kwa msimamizi, kwa fundi, kwa msaidizi, mpaka linamkuta yule ambaye viza yake ni nyepesi kuliko zote, hapo linatulia. Sikuwahi kumwona mtu ananyosha mkono na kuchukua kosa la mwingine njiani. Na mimi mwenye nalo nilisimama pale, nimeshika kofia, nikanyamaza.

Sitajipamba. Niliogopa. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili, binti yangu wa mwisho yuko chuoni Mombasa, na neno moja la arbab, khalas, kazi imekwisha, lingeniweka kwenye ndege. Nilijiambia Mjerumani ana nchi yake na sheria zake zitamlinda, hatakufa. Siku ile yote nilijiambia hivyo. Kila nilipofumba macho nilimwona anabana kikono cha kushoto na gurudumu linazunguka.

Asubuhi nikamfuata arbab mezani hotelini kabla wateja hawajashuka. Nilibaki nimesimama.

"Arbab, breki nilizifunga mimi. Nilizigeuza."

Akaweka kikombe chini. "Hebu nifahamishe vizuri, Shee. Umezigeuza kwa kutaka?"

"La hasha. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Na umelijua tangu lini?"

"Tangu pale pale barabarani."

"Kwa hivyo jana mie natukana pale, mzee wa watu anabeba, wewe unalijua."

"Nalijua."

Nilikuwa naingojea khalas na haikuja.

"Nenda kwa yule mzee kwanza," akasema. "Kisha nenda kwa mtoto. Mie unitafute mwisho, sitaki kukuona kabla."

Jochen alikuwa anafagia mbele ya mlango. Nilianza kusema kwa Kiingereza, maneno yakagongana, nikaishia kujipiga kifua kwa kiganja na kuonyesha ile baiskeli. Aliniacha nimalize.

"Nimekungoja tangu nifungue," akasema. "Umechelewa."

Nikamwuliza kwa nini alikubali jana. Akasema mteja aliyekasirika anahitaji mtu mmoja mbele yake, na duka lilikuwa lake, basi. Hakuwa na maelezo zaidi, na alishangaa kidogo kwamba nayahitaji. Aliniwekea baiskeli mezani, akanipa koleo. Nikazifungua waya zote mbili nikazifunga upya, kushoto mbele, kulia nyuma, yeye amesimama anatazama na hakuna aliyecheka. Nilipomaliza alibana vikono mwenyewe, kimoja kimoja. Kisha akalirudisha lile koleo kwenye kivuli chake ukutani.

Nikaenda hospitali. Prossy alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni, mdomo umevimba. Wangemruhusu siku hiyo hiyo, na alikuwa ameanza kujivalisha mwenyewe. Niliburuta kiti nikakaa.

"Mwanangu," nikasema, "zile breki ni mimi. Mjerumani hana kosa. Nilizifunga kwa mtindo wa kwetu, kulia mbele. Sikukuuliza, sikukufungia uzi. Bega lako na meno yako ni mimi."

Nilidhani atalia, au atanifukuza, na nilikuwa radhi kwa yote mawili.

"Mimi nilijua, Mzee," akasema.

"Ulijua nini?"

"Breki. Kule chini, kabla hatujapanda, nilizijaribu. Nikaona zimegeuka." Alikuwa anaongea polepole kwa sababu ya mdomo. "Nilitaka kukuita, ulikuwa kwenye gari, unapanga vitu. Halafu nikafikiri, aliyefunga ni Mzee Shee. Kama ameweka hivi, iko na sababu, pengine sababu ya mvua. Mimi ni nani nimwambie Mzee amekosea? Nikasema nitakumbuka tu. Na nilikumbuka, kweli. Yule jjajja akatoka, kichwa kilikumbuka, mkono haukukumbuka."

Katika miaka yote hiyo hakuna kijana wa karakana aliyewahi kunirudishia kazi mezani akaniambia, Mzee, hapa bado. Satwa hakuna, Al Barsha hakuna. Nilikuwa nimelihesabu hilo kuwa ndilo jina langu, nikilisimulia hata nyumbani nikienda likizo. Na kumbe mtoto amekaa juu ya breki zilizogeuka, anajua zimegeuka, ameona ni afadhali ahatarishe shingo yake kuliko kunitia aibu. Niliona haya ambayo sijawahi kuyaona, nikainamisha uso nikalia mbele yake, mimi mtu mzima.

Prossy aliniacha nilie. Baadaye akasogeza miguu mbele.

"Nisaidie viatu, Mzee. Mkono mmoja haufungi."

Nikapiga magoti sakafuni, nikamvalisha, nikafunga kamba za kulia, nikafunga za kushoto, nikapangusa vumbi kwa kiganja. Nikaanza kuinuka. Yeye akajiinamia kwa shida, akatumia ule mkono mzima kuvuta fundo la kwanza, kisha la pili. Akanitazama, akasita kidogo.

"Hii ya kushoto imelegea, Mzee."

Nikarudi chini, nikaifungua, nikaifunga upya.